Je, maktaba yetu ya programu huria inahitaji katiba?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Sisi ni vijana wanne tuliotengeneza maktaba ya Python, yaani msimbo wa kutumiwa ndani ya programu nyingine, inayosoma ujumbe wa miamala ya simu, M-Pesa, Airtel Money na mingineyo, na kuugeuza kuwa daftari la hesabu. Tuliwatengenezea watu wa vikoba, ila siku hizi inatumiwa pia na kampuni mbili tatu ambazo hata hatuzijui vizuri, na mwenzetu mmoja ameajiriwa na mojawapo. Shirika moja la misaada linataka kutupa pesa kidogo za kuiendeleza. Sasa mwenzetu mwingine ameleta rasimu ya katiba ya kurasa kumi na nne, nimeiambatisha: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, akidi, kila kitu. Mimi ndiye mwanzilishi na naona tutakufa kwa vikao. Je, mradi wa programu huria unahitaji kweli kanuni rasmi za uongozi, au leseni inatosha? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Rasimu nimeisoma yote. Nikujibu kwanza ndipo nieleze: kanuni za maandishi mnazihitaji, tena kabla pesa ya huyo mfadhili haijaingia. Katiba ya kurasa kumi na nne hamuihitaji. Na leseni peke yake haitoshi, kwa kuwa inashughulikia kitu kimoja tu, yaani msimbo.

Leseni huria, iwe MIT, iwe GPL, inamruhusu kila mtu kuuchukua msimbo, kuubadili na kuusambaza. Mkikosana kesho, kila mmoja wenu ataondoka na nakala kamili na hakuna atakayepoteza hata mstari mmoja. Wengi wakishalielewa hilo hudhani mambo yameisha. Sasa hesabu vitu ambavyo havinakiliki: jina la maktaba; ukurasa wake wa PyPI, ambako mtu akiomba maktaba kwa jina lake anapata toleo lenu na si la mwingine; anwani ya tovuti; akaunti ya GitHub, tovuti mnakoweka msimbo; pesa itakayokaa benki; na ile imani ya watu kwamba toleo likitoka kwenu halina mchezo ndani yake. Kila kimoja kati ya hivyo kipo kimoja tu. Akikishika mmoja, wenzake hawana. Kanuni za uongozi kazi yake ni hivyo vitu, na ukichimba ugomvi mkubwa wa miradi huria, mara nyingi utakuta chini yake kuna kimojawapo.

Ndiyo maana ipo miradi isiyo na haja ya kanuni hizo, na si midogo. SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone, iko mikononi mwa D. Richard Hipp na wenzake wachache. Msimbo wameutoa kwa umma bila masharti, lakini viraka, yaani mabadiliko ya msimbo yaliyoandikwa na watu wa nje, hawapokei. Ukitaka kitu unaomba. Wakipenda, wanakiandika wenyewe. Hakuna mgeni anayeingia akitarajia siku moja atakuwa na kauli, kwa hiyo hakuna cha kugombania. Ungekuwa peke yako na hiyo maktaba, ningekwambia andika kwenye README, lile faili la utangulizi, sentensi mbili, "Huu ni mradi wangu, maamuzi nafanya mimi," basi ukalale.

Nyinyi hamko hapo tena. Mko wanne, mmoja analipwa na kampuni inayotumia kazi yenu, na kuna pesa njiani. Tena msidanganyane kwamba hadi leo mmeishi bila kanuni. Kanuni mnayo, haijaandikwa tu: mwenye nywila ndiye mwenye neno la mwisho, na mwenye nywila ni wewe. Samahani kwa kulisema hivi, lakini nimeona mara nyingi kwamba anayeona kanuni ni usumbufu ndiye huyo huyo anayeshika funguo.

Tazama yaliyowapata watu wa Node.js, programu ya kuendeshea msimbo wa JavaScript kwenye seva. Jina na alama ya biashara vilikuwa mikononi mwa kampuni ya Joyent, na waliokuwa wakiandika sehemu kubwa ya msimbo wakaona matoleo yanachelewa nao hawana la kusema. Mwishoni mwa 2014 wakachukua nakala na kuanzisha mradi wao. Msimbo ulihama bila shida. Jina halikuhama: ikabidi wauite io.js, na kwa miezi kadhaa kila mwenye programu akawa anajiuliza afuate upande upi. Ndani ya io.js waliandika utaratibu wa kamati ya ufundi, jinsi mtu anavyoingia na jinsi uamuzi unavyofikiwa, mbele ya macho ya wote. Pande mbili ziliporudiana mwaka 2015 chini ya taasisi mpya, Node.js Foundation, utaratibu ule ndio uliobebwa. Toleo la 4.0 la Septemba mwaka huo ndilo lililounganisha kazi zote mbili.

OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, nayo ilipita njia hiyo hiyo. Oracle ilipoinunua Sun, kampuni iliyokuwa ikiimiliki OpenOffice, wachangiaji wakaingiwa na wasiwasi, na mwaka 2010 wengi wao wakahama na kuanzisha LibreOffice. Programu yenyewe walihama nayo, pamoja na njia ya kuitafsiri kwa lugha za watu, ile ile iliyowawezesha wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Jina lilibaki nyuma. Mpaka leo wapo wanaopakua OpenOffice kwa mazoea, bila habari kwamba wajenzi wengi waliondoka zamani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni wa lugha mnayoiandikia. Guido van Rossum aliitoa Python mwaka 1991 na kwa miaka zaidi ya ishirini na tano neno la mwisho lilikuwa lake. Kwa utani wa heshima walimwita dikteta mwema wa maisha. Mwaka 2018 ukazuka mjadala mkali juu ya pendekezo namba 572, lile lililoleta alama ya nukta mbili na usawa ili uweze kukipa kitu thamani katikati ya usemi. Pendekezo lilipita, yeye akachoka. Tarehe 12 Julai aliwaandikia wenzake kwamba anaondoka kwenye nafasi hiyo, hateui mrithi, na jinsi ya kujitawala watajua wenyewe. Fikiria lugha inayobeba benki, vyuo na maabara za dunia, halafu siku moja hakuna karatasi inayosema nani anaamua.

Wakaanza kuandika. Yalipatikana mapendekezo saba ya uongozi, namba 8010 hadi 8016: mmoja akataka kiongozi mwingine wa peke yake, mwingine akataka watatu, mwingine akataka baraza linalotoka nje ya wajenzi. Desemba walipiga kura na likashinda la 8016, baraza la watu watano wanaochaguliwa upya baada ya kila toleo kubwa. Mapema 2019 baraza la kwanza likapatikana, na Guido mwenyewe alikuwa mmoja wa waliochaguliwa. Kanuni zao zimo kwenye waraka unaoitwa PEP 13, na nakushauri uusome, ni mfupi. Baraza lina mamlaka mapana, lakini limeambiwa lijitahidi kuyatumia kwa uchache iwezekanavyo na litafute maelewano kwanza. Wajenzi wakikosa imani nalo wanaweza kuliondoa kwa theluthi mbili ya kura. Na katika watano, wasizidi wawili wanaofanya kazi kwa mwajiri mmoja. Hicho kifungu cha mwajiri kikumbuke, nitakirudia kwa ajili ya mwenzenu aliyeajiriwa.

Kwa nini Python haikupasuka ile miezi mitano bila kiongozi? Sababu naiona mwaka 2001, ilipoanzishwa Python Software Foundation na kukabidhiwa jina na pesa. Mkubwa alipoondoka hapakuwa na kitu cha kunyakua. Waligombana juu ya namna ya kuamua tu, na ugomvi wa namna hiyo watu wazima wanaweza kuumaliza kwa kura.

Redis, hifadhidata ya kasi, ni kinyume chake, na ndiyo inayonifanya niogope rasimu nzuri. Mwaka 2020 mwanzilishi wake, Salvatore Sanfilippo, alipojiondoa, liliundwa kundi la viongozi wa msimbo, na humo walikuwamo watu wa kampuni za AWS na Alibaba pia. Kwenye karatasi, uongozi ulikuwa wa pamoja. Lakini alama ya biashara ilikuwa ya kampuni, na leseni ya BSD iliyokuwapo haimzuii mtu kutoa matoleo yajayo kwa masharti mengine. Machi 2024 kampuni ikatangaza leseni mpya, kali zaidi. Wale viongozi wa nje wangefanya nini? Ndani ya siku nane wakawa wametoka na wenzao, wakatangaza Valkey chini ya Linux Foundation. Msimbo waliondoka nao, jina wakaliacha. Miezi saba kabla, Agosti 2023, kampuni ya HashiCorp ilifanya jambo la aina hiyo na Terraform, programu yake ya kusimamia seva, na jibu likawa OpenTofu. Kanuni zinazogawa madaraka huku jina likiwa mfukoni mwa mmoja ni mapambo. WordPress, programu ya kujengea tovuti, ilitoa somo hilo kwa sauti kubwa zaidi mwaka 2024, katika mzozo na kampuni ya WP Engine, pale ilipodhihirika kwamba tovuti ya WordPress.org, ambako tovuti nyingi mno duniani huchukua masasisho, ni mali binafsi ya Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wake. Shirika la WordPress Foundation lilikuwapo tangu 2010. Swichi haikuwa kwake.

Mwenzenu aliyeleta rasimu bila shaka ameiangalia Debian, mradi wa mfumo wa kompyuta wa Linux, na simlaumu. Debian wana katiba kweli, tangu Desemba 1998, na wanaiheshimu: kiongozi anachaguliwa kila mwaka, kuna kamati ya ufundi, kuna katibu, na wanachama wakitaka wanaweza kupindua uamuzi wa kiongozi kwa kura yao. Ila tazama ni watu gani. Ni karibu elfu moja, wametawanyika dunia nzima, wengi hawajawahi kuonana, na kila mmoja ana haki ya kupakia programu itakayoingia kwenye mashine za watu wasiohesabika. Kwa umati huo, utaratibu wa kurasa nyingi unajilipa. Na hata hao, mwanzoni kabisa wa katiba yao, waliweka kifungu ambacho rasimu yenu haina: hakuna chochote humu kinachomlazimisha mtu yeyote kuufanyia mradi kazi. Hicho kifungu kimebeba hekima nyingi kuliko vyeo vyote. Mradi wa kujitolea hauna mshahara wa kumkata mtu. Mwenyekiti wako akikuagiza urekebishe hitilafu ifikapo Ijumaa nawe ukaamua kwenda harusini, atafanya nini?

Sasa niseme kidogo juu ya rasimu yenyewe. Inanukia dawati la msajili. Sisi watu wa huku tumezoea kuandika katiba kwa sababu kila kikundi kikitaka kufungua akaunti au kusajiliwa kinaambiwa kilete katiba, basi tunanakili ya jirani na kubadili jina. Kifungu cha 6 kinataka akidi ya theluthi mbili. Kwa watu wanne hiyo ni watatu. Mmoja akiwa kijijini hakuna mtandao na mwingine yuko kwenye mitihani, hamwezi kuamua hata kubadili jina la faili, na wakati huo mtandao wa simu umebadili muundo wa ujumbe wake na hesabu za vikoba zinatoka vibaya. Kifungu cha 9 kinampa mweka hazina kazi ya kutunza pesa kisha hakisemi zitakaa wapi. Na katika kurasa zote kumi na nne sikuona neno PyPI.

Anzeni hapo. Kwenye vikoba mnavyovitengenezea programu, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu. Nyinyi sanduku lenu lina ufunguo mmoja na uko kwenye simu yako. Sisemi kwa mafumbo. Tangu mwanzo wa 2024 PyPI inamtaka kila mwenye akaunti awe na uthibitisho wa hatua mbili. Simu yako ikiibiwa Kirumba na ile misimbo ya dharura hukuihifadhi popote, toleo jipya halitoki. Upo utaratibu wa kudai jina la maktaba ambayo mwenyewe hapatikani, umeandikwa kwenye PEP 541, lakini ni njia ndefu ya kuandikiana na kusubiri. Njia fupi ni kumwongeza mwenzako mmoja awe mmiliki kamili kwenye PyPI, siyo mtunzaji tu, kwa sababu mtunzaji anaweza kupakia toleo lakini hawezi kusimamia watu. Hazina ya msimbo nayo itoke kwenye akaunti yako binafsi ya GitHub iende kwenye akaunti ya shirika, ambayo kuifungua ni bure, na wamiliki wawe wawili au watatu. Anwani ya tovuti, andikeni inalipiwa na nani na inaisha lini. Hayo hayahitaji kikao.

Kisha ndipo mwandike ukurasa mmoja. Nimejaribu kuuandika kwa ajili yenu, mbadilishe mtakavyo:

"Mradi unaongozwa na watunzaji waliotajwa kwenye faili la WATUNZAJI. Hakuna anayelazimika kufanya kazi asiyoitaka. Kila badiliko la msimbo linapitiwa na mtunzaji mmoja ambaye hakuliandika. Jambo kubwa, yaani leseni, jina, pesa, kuongeza mtunzaji, au badiliko litakalovunja programu za wanaoitumia maktaba, linatangazwa kwa maandishi na kusubiri saa 72. Aliyenyamaza amehesabiwa kukubali, na anayepinga aseme sababu ya kikazi. Tukishindwa kuelewana tunapiga kura. Kura zikilingana mwanzilishi anaamua, isipokuwa leseni, jina na pesa, ambazo haziguswi bila kura tatu. Mtu ambaye mwajiri wake ananufaika na uamuzi aseme hivyo kabla ya mjadala, na ikiwa ni pesa hapigi kura. Mtunzaji ambaye hajaonekana miezi sita anawekwa kwenye orodha ya wastaafu na funguo zake zinafutwa, akirudi anakaribishwa. Ukurasa huu unabadilishwa kwa kura tatu."

Saa 72 nimeziazima kwa Apache, ambao wameendesha mamia ya miradi kwa njia hiyo: unatangaza, unasubiri siku tatu, usiposikia pingamizi unaendelea. Kwao pia pingamizi dhidi ya badiliko la msimbo lazima liwe na sababu ya kiufundi, la sivyo halihesabiki. Watu wanaofanya kazi hizi usiku baada ya ajira wanahitaji angalau jioni tatu, na hawahitaji kuitwa kwenye Zoom.

Kura kulingana siyo jambo la kubuni. Mko wanne, itatokea. Februari 2014 kamati ya ufundi ya Debian, watu wanane, ilikaa kuamua ni programu gani iwashe mfumo, na kura zikatoka nne kwa nne. Mwenyekiti alitumia kura yake ya uamuzi na systemd ikapita. Waliokasirika walikasirika, baadhi wakaondoka na kuanzisha mradi wao, Devuan, lakini hakuna aliyeweza kusema uamuzi haukufuata njia, kwa kuwa kura ya uamuzi iliandikwa miaka mingi kabla ya ugomvi. Wewe mwanzilishi nimekuachia kura hiyo kwa mambo ya msimbo, kwa sababu ndivyo mlivyoishi na haijawadhuru. Kwenye jina na pesa nimekunyang'anya, makusudi. Na ukiangalia vizuri utaona kwamba kwenye pesa, mwenzenu aliyeajiriwa akikaa pembeni, waliobaki watatu lazima wakubaliane wote. Hilo nalo makusudi.

Kuhusu huyo aliyeajiriwa, msimtenge. Mara nyingi mchangiaji anayelipwa ndiye anayepata saa za mchana za kurekebisha mambo. Cha kuangalia ni mambo mawili. La kwanza ni lile la Python: kampuni ikiajiri mmoja zaidi kati yenu, tayari ina nusu ya kura, kwa hiyo wekeni kikomo leo wakati hakuna anayehisi anasemwa. La pili ni mkataba wake wa kazi. Mikataba mingi ya ajira inasema kazi aliyoiandika mfanyakazi ni ya mwajiri, wakati mwingine hata aliyoiandika nyumbani usiku. Aombe barua fupi kwamba anachokichangia kinatolewa kwa leseni ya mradi. Kisha kila mchangiaji, naye akiwemo, aweke kwenye kila badiliko ile sahihi ya mstari mmoja inayotamka kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ni kuongeza -s tu unapohifadhi badiliko. Linux waliuanza utaratibu huo mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishitaki IBM wakidai msimbo wao uliingizwa humo, na mpaka leo unawatosha. Msikubali mkataba unaomkabidhi mtu mmoja au kampuni moja haki zote za kazi zenu. Terraform iliweza kubadilishwa leseni kwa urahisi kwa kuwa wachangiaji walishaipa kampuni ruhusa hiyo mapema.

Pesa ya mfadhili isiingie kwenye akaunti yako binafsi, hata kama ni ndogo na hata kama wote wanakuamini. Wala msikimbilie kusajili asasi kwa ajili ya ruzuku moja, maana usajili una ripoti zake za kila mwaka na ada zake, na hakuna mfadhili anayelipia hilo milele. Tafuteni shirika lililosajiliwa litakalowashikia pesa kwa makubaliano ya maandishi, likate asilimia yake, nalo lilipe kwa maelekezo yenu. Debian yenyewe, pamoja na katiba yake, kisheria haipo. Pesa zake nyingi zinashikwa na Software in the Public Interest ya Marekani. Git iko chini ya Software Freedom Conservancy kwa namna hiyo. Kwenu inaweza kuwa chuo, kitovu cha ubunifu, au asasi yoyote ya karibu yenye hesabu zilizokaguliwa.

Juu ya mwenendo wa watu, kwa wanne mnaojuana sina mengi. Wekeni jina la mtu mmoja ambaye mgeni akitukanwa atamwandikia, na mtu huyo asiwe wewe, kwa sababu malalamiko mengine yatakuhusu wewe. Mwishoni mwa 2021 timu ya usimamizi wa mwenendo ya lugha ya programu ya Rust ilijiuzulu yote kwa pamoja, ikisema viongozi wa juu hawawajibiki kwa yeyote isipokuwa wao wenyewe, na ilichukua hadi 2023 kupata baraza jipya.

Kuna jambo moja kanuni hazitawasaidia, nalo lisiwapite. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua kwamba kuingia kwenye seva kwa ssh kunachelewa nusu sekunde hivi, akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux. Aliyeupandikiza alijiita Jia Tan. Alikuwa amechangia kwa uvumilivu miaka miwili na zaidi, huku akaunti nyingine zisizojulikana zikimsonga mtunzaji, ambaye alikuwa karibu peke yake na amechoka, amkabidhi mtu mwingine kazi. Nimesikia watu wakisema wangekuwa na kanuni lisingetokea. Sikubaliani. Kanuni ingesema watunzaji wapya wanathibitishwa na wawili, na wa pili angetoka wapi? Karatasi haileti watu. Inachoweza kufanya ni kuwapa wale waliopo kisingizio cha heshima cha kusema "bado" kwa anayeharakisha. Kwa hiyo jambo la kuongeza mtunzaji nimeliweka kwenye mambo makubwa ya saa 72, na ningependa msiwe chini ya watatu kamwe. Maktaba yenu inasoma pesa za watu.

Rasimu ya mwenzenu msiitupe. Kifungu chake cha 13, kinachosema mradi ukifa jina na tovuti vinakwenda kwa nani, ni kizuri kuliko chochote nilichoandika mimi hapo juu. Kihamisheni kama kilivyo. Vingine viwekeni kabatini hadi siku mtakapokuwa na wachangiaji msiowajua kwa sura, au kampuni mbili zinazolipa watu kuandika msimbo wenu, au hati inayohitaji kusainiwa na mradi wenyewe badala ya mtu. Likitokea lolote kati ya hayo, niandikie tena, nami nitaanza kuisoma kutoka kifungu cha 1.